Kobe Aliyenifundisha Kulaza Watoto

Mimi ni fundi wa vifaa vya elektroniki, mkazi wa Mbagala, Dar es Salaam, na baba wa watoto wawili. Kwa miaka mingi kulaza watoto hakukuwa kazi yangu. Nilirudi kutoka Kariakoo usiku, nikala, nikatazama taarifa ya habari ya saa mbili, na kule chumbani watoto wakalala kwa njia ambayo sikuwahi kuiulizia. Leo anayelaza watoto katika nyumba hii ni mimi. Kilichonifikisha hapa ni kazi ya mikono yangu: mdoli wa kobe nilioutengeneza ili kumsaidia binti yangu kupata usingizi. Natoa ushuhuda huu kwa sababu najua wazazi wengi wanahangaika na jambo hilihili, na mafundi wenzangu wengi wana uwezo wa kuwasaidia.

Mambo yalianza mtoto wetu wa pili alipokaribia miezi minane. Mke wangu ni muuguzi, na wakati huo alirudishwa kwenye zamu za usiku. Mama mkwe akaja kutoka Lushoto kutusaidia na kichanga. Binti yetu mkubwa, aliyekuwa na miaka minne, akabaki mikononi mwangu.

Muda wa kulala ulipofika, nilimpa simu. Aliangalia katuni mpaka macho yakawa mekundu. Simu ikiisha chaji, au nikiichukua, kilio. Mara nyingi alipitiwa na usingizi saa tano usiku akiwa kwenye kochi, nami nikambeba hadi kitandani. Saa kumi na mbili asubuhi ilibidi aamke, kwa kuwa basi la shule halimsubiri mtu. Aliamka na hasira: uji hataki, viatu hataki, kuguswa hataki. Mwalimu wake wa chekechea akatuma ujumbe kwamba mtoto anasinzia darasani na analia kwa jambo dogo.

Mke wangu aliposoma ujumbe ule alinikalisha chini. "Baba watoto," aliniambia, "huyu mtoto haumwi. Huyu hajalala." Akanieleza kwamba mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwa watoto walio chini ya miaka mitano. Mtoto wa miaka mitatu au minne anahitaji usingizi wa saa 10 hadi 13 kila siku, ukijumlisha na ule wa mchana. Muda wa kukaa mbele ya skrini usizidi saa 1, na ukipungua ni heri zaidi. Tukapiga hesabu pale pale. Kuanzia saa tano usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, binti yetu alikuwa akipata saa 7.

Fundi akiletewa tatizo, mkono unakwenda kwenye zana. Nilikuwa nimeona mtandaoni vifaa vya nje vinavyosaidia watoto kulala. Ujerumani wana Toniebox, kisanduku laini kilichoingia sokoni mwaka 2016: mtoto anaweka sanamu ndogo juu yake na hadithi inaanza, bila skrini yoyote. Iceland wana Lulla, mdoli unaotoa sauti ya moyo na pumzi za mama aliyetulia. Nilivipenda kwa wazo lake. Lakini hadithi nilizozisikia hazikuwa za Kiswahili, na chumba walichokifikiria wabunifu wake si chumba chetu. Chumba cha binti yangu kina kitanda anachogawana na binamu yake akija kututembelea, kina chandarua, feni, dirisha linaloangalia njia ya bodaboda, na umeme unaokatika bila taarifa. Nikaamua kutengeneza kitu cha chumba hicho.

Jambo la kwanza lilikuwa umbo. Midoli kadhaa ya usingizi ya nje ina sura ya bundi. Kwetu bundi ni ndege wa uchuro. Akilia juu ya paa, hata watu wazima hawalali. Nilichagua kobe. Watoto wa huku wanamjua kwa hadithi za bibi zao: mpole, hana haraka, akitaka kupumzika anaingia ndani ya nyumba yake. Gamba lake lilinifaa pia kwa ufundi. Ni pana, lina nafasi ya taa, spika na betri, na mtoto akilibonyeza kwa kiganja kizima linakuwa kitufe kimoja kikubwa asichoweza kukikosa gizani. Fundi cherehani wa mtaani kwetu alinishonea gamba hilo kwa kitambaa cha kanga, lenye zipu tumboni ili lifuliwe. Macho aliyadarizi kwa uzi. Viwango vya kimataifa vya vitu vya kuchezea vinatumia kopo la kupimia lenye upana wa milimita 31.7; chochote kinachoingia chote ndani ya kopo hilo kinaweza kumkaba mtoto wa chini ya miaka mitatu. Nyumba yenye kichanga anayetambaa haina nafasi ya macho ya vifungo.

Kisha nikafika kwenye taa, na hapo elimu ikaanza kunibadilisha. Gizani ubongo hutoa homoni iitwayo melatonini, ambayo huuambia mwili kwamba usiku umeingia. Mwanga huizuia. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, Marekani, walichapisha matokeo ya jaribio walilolifanya kwa watoto wa miaka mitatu hadi mitano. Mtoto aliyekaa kwenye mwanga mkali kwa saa moja kabla ya kulala, melatonini yake ilishuka kwa asilimia 88. Mwaka 2022 wakaja na jambo lililonikalisha kimya. Hata mwanga hafifu, wa lux 5 hadi 40, ulishusha homoni hiyo kwa wastani wa asilimia 78. Sababu mojawapo ni kwamba mboni ya mtoto ni pana na lenzi ya jicho lake ni angavu, kwa hiyo mwanga uleule unaingia kwake kwa wingi kuliko unavyoingia kwangu. Mwanga wa buluu ndio mbaya kuliko wote, na huo ndio unaojaa kwenye simu na televisheni.

Nikaondoa taa za rangi zote nilizokuwa nimezinunua na kubakiza LED mbili ndogo, moja nyekundu na moja ya rangi ya chungwa, nikazifunika kwa tabaka tatu za kanga. Nilipozima umeme wa chumbani, gamba lilitoa wekundu unaotosha kuonyesha mahali kobe alipo, basi.

Lakini taa ya kobe ingekuwa na faida gani ikiwa tyubu ya sebuleni inawaka na televisheni inapiga kelele hatua nne kutoka kitandani? Swali hilo halikujibiwa na sakiti yoyote. Lilijibiwa na mimi kuizima televisheni saa moja na nusu na kuiacha taarifa ya habari ya saa mbili. Kwa mtu aliyezoea kuitazama kila siku tangu ujana, haikuwa rahisi. Sasa naisikiliza kwenye redio, baadaye, watoto wakiwa wamelala.

Sauti nayo ilikuwa na somo lake. Mwaka 2014 watafiti wa Toronto, Canada, walipima mashine 14 za sauti za kulazia watoto wachanga. Zikifunguliwa hadi mwisho na kuwekwa umbali wa sentimita 30, zote zilivuka desibeli 50, kiwango kinachopendekezwa kwa vyumba vya vichanga hospitalini. Tatu zilivuka desibeli 85, ambacho ni kiwango kinachomtaka mfanyakazi wa kiwandani alindwe masikio akikivumilia kwa saa 8 za kazi. Niliposoma hayo nikafungua spika niliyokuwa nimekwisha kuifunga. Nikachomea rezista kwenye waya wake, nikaweka programu ya kupima sauti kwenye simu, nikaiegesha simu mahali ambapo kichwa cha mtoto kingekuwa. Niliendelea kubadilisha rezista mpaka kipimo kikabaki chini ya 50 hata kobe akiimba kwa nguvu zake zote. Hakuna kitufe cha kuongeza sauti. Bodaboda zikipiga kelele nje, kobe hashindani nazo.

Aimbe nini? Nilikuwa nimepakua sauti za mvua na vinanda. Mama mkwe alizisikia siku moja akiwa anakunja nguo, akamwambia mke wangu kwamba kila mtoto aliyepita mikononi mwake alilala kwa wimbo wa mtu. Kwa heshima iliyopo kati yetu nisingeweza kumwomba mwenyewe aniimbie, basi nikamtuma mke wangu aniombee. Alikubali kwa sharti moja, kwamba haimbi hewani; lazima ampakate mtoto. Tukarekodi sebuleni, feni imezimwa, kichanga mapajani pake, simu juu ya stuli. Aliimba nyimbo za kubembeleza za Kisambaa alizoimbiwa yeye.

Watoto wangu wamezaliwa Dar es Salaam na Kisambaa hawakijui. Nilijiuliza kama nyimbo hizo zitawafaa. Baadaye nikasoma utafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard uliochapishwa mwaka 2020. Watoto wachanga 144 walisikilizishwa nyimbo za kubembeleza za lugha wasizozijua, pamoja na nyimbo nyingine ambazo si za kubembeleza. Walipozisikia zile za kubembeleza, mapigo ya moyo yalipungua zaidi na miili ikatulia zaidi. Wimbo wa kulaza mtoto unajulikana kwa mwendo wake hata kabla maneno hayajaeleweka. Mama mkwe hakuhitaji utafiti kulijua hilo.

Rafiki yangu mmoja, fundi hodari wa programu, alinishauri nimpe kobe intaneti. Alitaka kobe amsikilize mtoto, amjibu, ajue jina lake, atume taarifa kwenye simu ya mzazi. Ni jambo linalowezekana kabisa kiufundi, na ndilo linalovutia wenye mitaji. Nilifikiri sana kabla ya kukataa, na bado nina furaha kwamba nilikataa. Februari 2017 mamlaka ya mawasiliano ya Ujerumani ilipiga marufuku mdoli uitwao My Friend Cayla, ikiuhesabu kuwa kifaa cha siri cha kunasia sauti. Mwezi huohuo ulimwengu ukajua kuhusu midoli ya CloudPets, iliyotumika kutumiana ujumbe wa sauti kati ya wazazi na watoto. Taarifa za akaunti zaidi ya 800,000 ziliachwa kwenye hifadhidata isiyo na nywila, na sauti zaidi ya milioni 2 zikawa zinafikika kwa watu wasiohusika. Sisi Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na ni sheria nzuri. Lakini ulinzi ulio imara kuliko wote ni kutokukusanya. Maneno anayoyasema mtoto akiwa amejifunika shuka ni ya nyumba yake. Nikatumia ubao wa sakiti wa Arduino Nano, ambao hauna Wi-Fi wala Bluetooth ndani yake, na nyimbo nikaziweka kwenye memori kadi. Kobe hana maikrofoni, hana kamera, hana akaunti.

Mke wangu, kwa macho ya uuguzi, alisimamia usalama. Alikataa katakata zile betri bapa za lithiamu zenye ukubwa wa sarafu. Mtoto akimeza moja na ikakwama kooni, huanza kuchoma nyama ya umio ndani ya saa 2. Niliweka betri ya kuchaji yenye bodi ya ulinzi, ndani ya kasha gumu lililofungwa kwa skrubu. Kuchaji kunafanyika mchana, sebuleni, kasha likiwa limetolewa kwenye kitambaa. Kitandani hakuna waya. Na kichanga wetu hakupewa kobe. Madaktari wa watoto wa Marekani wanashauri kwamba mtoto wa chini ya mwaka mmoja alazwe chali, kwenye godoro gumu, pasipo mto, mdoli wala kitu chochote laini karibu yake, kwa kuwa vitu hivyo vinaweza kumziba pumzi. Hilo halina mjadala, na ningependa kila fundi anayetengeneza mdoli wa usingizi aliandike kwa herufi kubwa.

Nilichokipenda zaidi katika kobe ni pumzi zake. Niliiandika programu ili mwanga wa gamba upande na kushuka taratibu. Unaanza na mizunguko 20 kwa dakika, karibu na pumzi za mtoto aliyetulia, kisha unapungua kidogo kidogo. Wazo lilikuwa kwamba mtoto atautazama mwanga na pumzi zake zitaufuata.

Ili nijue kama inafanya kazi, ilibidi nijifunze kuhesabu pumzi. Mke wangu alinifundisha wanavyofanya wauguzi: usiguse, usiongee, tazama kifua au tumbo la mtoto, hesabu kwa dakika nzima kwa saa yenye mshale wa sekunde, na uanze upya akijigeuza. Kwa hiyo usiku baada ya usiku nilikaa pembeni ya kitanda, nje ya chandarua, na saa mkononi. Binti yangu aliweka kiganja juu ya gamba. Mwanga ulipopanda, wekundu ulipita katikati ya vidole vyake. Uliposhuka, vidole vikapotea. Mwanzoni alikuwa na maneno mengi. Anaipenda sana katuni ya Kitanzania ya Akili and Me, ambamo mtoto wa umri wake anayeishi chini ya Mlima Kilimanjaro akilala huingia katika nchi ya ndoto, Lala Land. "Baba, Akili ameshafika?" aliniuliza. "Anakusubiri," nikamjibu. Kisha maswali yakawa machache, na katikati ya hesabu yangu nikaona tumbo linapanda na kushuka polepole kuliko lilivyoanza.

Niliandika yote kwenye daftari, kama fundi. Siku kobe alipowaka nami nikiwa nimekaa pale, mtoto alilala mapema. Siku nilipomwasha kobe nikatoka kwenda kumalizia kazi ya mteja, mtoto alinifuata sebuleni amembeba kobe kwapani, gamba linawaka na nyimbo za bibi yake zinaendelea. Hilo lilijirudia mara nyingi kiasi kwamba nisingeweza kulipuuza. Taa ilikuwa ileile, sauti ileile, programu ileile. Tofauti ilikuwa mimi.

Nikatafuta maelezo, nikayapata kwa mtafiti wa usingizi wa watoto wa Marekani, Jodi Mindell. Mwaka 2009 yeye na wenzake walichapisha utafiti uliohusisha akina mama 405 na watoto wao wadogo. Baadhi ya akina mama walipewa utaratibu mmoja wa kufuata kila usiku: kumwogesha mtoto, kumpaka mafuta au kumkanda, kisha jambo la utulivu kama kumkumbatia au kumwimbia, halafu taa inazimwa. Ndani ya wiki 2 watoto wao walipata usingizi upesi zaidi na kuamka mara chache zaidi usiku, na hata hali ya akina mama ikawa bora. Hakukuwa na kifaa chochote. Kulikuwa na mtu mmoja, mambo yaleyale, kwa mpangilio uleule, kila usiku.

Basi nikaupanga usiku wetu. Saa moja na nusu televisheni na tyubu ya sebuleni vinazimwa. Anaoga maji ya uvuguvugu. Nampaka mafuta ya nazi miguuni na mgongoni, kazi ambayo mikono yangu iliyozoea bisibisi ilibidi ijifunze. Tunashusha chandarua, tunasoma dua, namsimulia hadithi moja ya sungura au kobe, moja tu, haijalishi ameomba ngapi. Halafu anabonyeza gamba mwenyewe. Kobe ni kengele ya shule: inatangaza kwamba kipindi kimeanza, lakini anayefundisha ni mwalimu.

Nilibadilisha pia programu. Toleo la mwanzo lingeweza kuimba usiku kucha. Toleo la sasa linapunguza mwanga na sauti kidogo kidogo na kujizima kabisa baada ya dakika 30. Kumwasha upya, mtu mzima lazima afungue zipu. Mtoto akishtuka usiku wa manane anatakiwa aweze kurudi usingizini mwenyewe, katika chumba kilekile cha giza alicholalia, bila kuhitaji mashine imwimbie.

Matunda tumeyaona. Binti yangu sasa analala saa mbili usiku, au robo saa baada ya hapo, na saa kumi na mbili asubuhi anaamka akiwa na akili timamu, anakunywa uji wake. Mwalimu wake hajatuma tena ujumbe wa kusinzia. Mama mkwe alirudi Lushoto, lakini karibu kila usiku sauti yake iko chumbani, na wajukuu wake wameanza kuuliza maana ya maneno ya Kisambaa. Mke wangu akienda zamu anaondoka moyo umetulia. Alhamdulillahi.

Kwangu mimi mabadiliko ni makubwa zaidi. Zamani nilimjua binti yangu kwa ada ya shule na zawadi za Idi. Sasa namjua kwa mambo anayoyasema dakika kumi kabla ya kulala, ambayo hayasemi wakati mwingine wowote: nani alimsukuma uwanjani, kwa nini anaogopa choo cha shule, kwamba anataka kuwa rubani wa ndege ya kwenda Lushoto. Wanaume wengi wa rika langu tumelelewa tukiamini kwamba saa hiyo ni ya mama. Tumekosa mengi.

Majirani wameniomba niwatengenezee, na wawili watatu nimewatengenezea kwa masharti ya mtoto kuwa na zaidi ya miaka mitatu na betri kukaguliwa na mimi kila baada ya muda. Kuuza dukani ni jambo jingine. Kitu kinacholala kitandani na mtoto lazima kipimwe, na hilo ndilo jukumu la Shirika la Viwango Tanzania, TBS. Sitakiuza kabla hakijapita huko, hata ikichukua muda mrefu.

Kwa mafundi na wabunifu wenzangu nina ombi. Mdoli janja kwa mtoto mdogo usipimwe kwa wingi wa mambo unayoweza kufanya. Upimwe kwa usalama wake, kwa upole wa taa na sauti yake, kwa siri unayoitunza, na kwa namna unavyomleta mzazi karibu badala ya kumpa ruhusa ya kuondoka. Ukiona kazi yako inafanikiwa mpaka mtoto haihitaji tena, furahi, maana ndiyo kazi uliyotumwa. Siku nyingine binti yangu husahau kubonyeza gamba, analala tu.

Na kwako mzazi unayesoma, hasa wewe baba mwenzangu: huna haja ya kusubiri kobe wa mtu yeyote. Leo saa moja na nusu zima televisheni, weka simu mbali, muogeshe mwanao, mpake mafuta, msimulie hadithi moja, mwimbie wimbo ulioimbiwa wewe, kisha kaa naye mpaka alale. Kesho fanya vilevile, na keshokutwa. Jipe wiki mbili kabla ya kukata tamaa. Akiendelea kukosa usingizi, au akikoroma kila usiku na kukatika pumzi, mpeleke kituo cha afya aonwe na mtaalamu. Lakini anza na wewe.